Landrover ya Londiani

Mulot,
Jumatatu, 5 Februari 2024

Mzee Ombui,

Chamgei. Huku tuko wazima, na baba ni mzima kwa kadiri ya miaka yake themanini na minne. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu uliitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, hata nilipouliza ni nani mgonjwa. Wewe mwenyewe ulisema gereji ya shamba la chai ilikuachia masikio ya kupamba kichwa tu, kwa hivyo usinikasirikie.

Mzee, nimeipata Landrover ya baba!

Kaa kwanza, ndiyo usome. Unakumbuka ulivyoniambia siku ya mazishi ya mama: kwamba baba alipohamia huku Mulot mwaka wa 1999 aliiacha gari kwako Kipkelion, na baadaye ukaiuza kwa niaba yake kwa mtu wa Londiani. Basi mwezi wa Desemba niliandika kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni wa wapenda magari ya zamani. Niliweka ile picha ya baba akiwa amesimama kando ya gari, nikataja namba ya usajili, rangi ya kijani, mlango uliobonyezwa na fahali, na kwamba iliuzwa Londiani. Niliomba aliye nayo aniambie tu iko wapi. Wiki tatu baadaye nikaiona kwenye mnada wa mtandaoni. Namba ni ile ile, na mlango umebonyea pale pale. Mwenye kuuza anasema aliinunua Londiani. Niliketi jikoni nikalia kama mtoto.

Unajua kwa nini ninaitaka. Kila asubuhi baba huvaa koti lake la kazini, hushika kofia, na huketi barazani akingoja gari yake aende kukagua wachuma chai. Nikimuuliza gari iko wapi husema, "Iko kwa Ombui." Lakini pia husema mama yuko sokoni, kwa hivyo nimeacha kumsahihisha. Ninataka akae kwenye kile kiti mara moja tu kabla hajaondoka duniani. Hata isipowaka.

Mnada unafungwa tarehe moja Machi. Muuzaji anataka amana ya shilingi laki moja na themanini ndiyo jina langu liingizwe. Nitauza mitamba wawili. Nimepiga chapa picha tatu za kwenye mnada pale saiba, kwenye duka la kompyuta, nimeziweka humu, na bahasha naipeleka kwa ofisi ya vifurushi. Wewe ndiye fundi aliyeijua gari ile kuliko mtu yeyote. Niambie tu kwamba ndiyo yenyewe.

Ni mimi,
Chepkorir


Kipkelion,
9 Februari 2024

Mwalimu Chepkorir, binti wa rafiki yangu,

Nimepata bahasha yako. Nimezitazama picha mchana mzima nje kwenye mwanga, mpaka mke wangu Nyabate akaniuliza kama nimepata picha za mwanamke.

Usilipe.

Tazama picha ya tatu, ile ya ndani. Usukani uko kushoto. Wa gari ya baba yako ulikuwa kulia, kama gari zote za hapa kwetu. Hiyo ni gari ya ng'ambo, imepigwa picha ng'ambo, na mtu ameibandika hapa. Halafu tazama matope ya kwenye magurudumu katika picha ya kwanza. Ni meupe kama majivu. Nimesukuma gari nyingi kwenye matope ya upande wa Londiani na suruali zangu hazikuwahi kurudi nyumbani nyeupe.

Na kuna jambo jingine. Umesema uliandika namba, rangi, mlango na Londiani, ukaweka na picha. Sasa muuzaji amekuambia nini ambacho hukumwambia wewe kwanza? Mimi naona amekurudishia maneno yako tu, akayapaka rangi.

Kwa heshima, mwanangu, waache hao mitamba wakae zizini.

Msalimie mzee. Mwambie Ombui anamkumbuka.

Ombui Nyagaka


Mulot,
14 Februari 2024

Mzee Ombui,

Nilimwandikia muuzaji siku ile ile nilipopata barua yako. Amejibu kwa upole sana. Anasema picha ya ndani iligeuzwa na simu, mambo hayo hutokea. Matope, anasema, ni vumbi la mahali gari ilikohifadhiwa. Anaiuza haraka kwa sababu anahamia Kanada kwa mtoto wake, na ndiyo maana bei si kubwa.

Nilimwomba niende Londiani niitazame. Akasema iko kwenye ghala lililofungwa, mwenye funguo amesafiri, na hata hivyo sheria yao ni amana kwanza, kutazama baadaye. Nikaona ni sawa, kwa sababu watu wengi huja kupiga picha tu.

Mzee, usikasirike, lakini naona kama hutaki niipate. Barua yako ilikuwa kavu. Nilidhani utafurahi pamoja nami. Ni wewe uliyeiuza, kwa hivyo niambie jina la yule mtu wa Londiani. Nikilipata hilo jina nitamuuliza muuzaji kama ndiye aliyemuuzia, na mambo yatakwisha bila wasiwasi.

Jana baba alikataa uji kwa sababu alikuwa "anachelewa kazini". Nilimshika mkono mpaka saa nne.

Chepkorir


Kipkelion,
18 Februari 2024

Mwalimu,

Jina la yule mtu limenipotea. Ni zamani.

Lakini tuliache hilo. Wewe ni mwalimu, hebu nikupe hesabu ya darasa la nne. Simu ikigeuza picha, inageuza vyote, hata maandishi. Chukua miwani usome namba za saa ya mwendo kwenye hiyo picha ya ndani. Zimekaa sawasawa, ishirini, arobaini, sitini. Kwa hivyo hakuna kilichogeuzwa isipokuwa ukweli.

Na mtu anayeuza ng'ombe sokoni Mulot akikuambia lipa kwanza, ng'ombe yuko nyumbani amefungiwa na mwenye funguo amesafiri, wewe utalipa? Utamcheka mpaka wenzake wageuke kutazama. Na hizo pesa zinakwenda wapi? Kwa mnada, au kwa namba ya simu ya mtu?

Sasa muulize mambo mawili. La kwanza, namba ya chesisi, ile iliyo kwenye kibati kidogo cha ndani. La pili, muulize kama kioo cha pembeni cha kushoto bado kina ule ufa uliopigwa na mvua ya mawe mwaka wa 1994. Muulize hivyo hivyo, usiongeze neno.

Si kwamba sitaki uipate. Ningekuwa na uwezo ningeiendesha mimi mwenyewe mpaka barazani kwa mzee.

Ombui Nyagaka


Mulot,
23 Februari 2024

Mzee wangu Ombui,

Leo utafurahi! Amejibu yote mawili. Namba ya chesisi amenitumia, inaishia na 88. Na kuhusu kioo, amesema, nanukuu: "Ndiyo mama, ufa bado uko, hatukuugusa ili kuhifadhi historia." Mzee, mtu tapeli angejuaje kuhusu ule ufa? Hilo sikuliandika popote.

Na ulivyoutaja tu mimi mwenyewe niliukumbuka. Mvua ile iliangusha chai yote chini, baba akarudi nyumbani amejifunika gunia kichwani, na kioo kimepasuka. Naliona wazi kabisa, kama la jana.

Ile picha ya ndani anasema karani wake aliiweka kwa makosa, ni ya gari nyingine. Pesa zinakwenda kwa namba ya meneja wa mnada, jina lake ni Zack, anaongea vizuri, ameniita dada.

Mtamba mmoja nimeshamuuza. Wa pili anachukuliwa Jumatano. Alhamisi jioni, tarehe ishirini na tisa, nitakwenda kwa wakala baada ya shule nilipe, maana Ijumaa wanafunga. Nimemwambia baba gari inakuja. Sijui kama alielewa, lakini alipanguza viatu vyake.

Asante kwa kunisaidia kuhakikisha. Nimekuombea.

Chepkorir


Kipkelion,
27 Februari 2024

Chepkorir,

Mogaka, mtoto wangu, anakwenda Kericho asubuhi na barua hii. Nimemwambia pia akutumie ujumbe wa simu wenye maneno matatu: Usilipe. Barua inakuja. Mengine sikutaka yapite kwenye kidole cha mtu mwingine.

Ule ufa haukuwahi kuwapo. Niliutunga mimi. Mvua ya mawe ya mwaka ule ilikuwa kweli, lakini Landrover ilikuwa ndani ya gereji yangu nikibadilisha breki. Nilimtegea muuzaji, akanasa, na wewe ukanasa naye. Sikucheki. Mtu akikitaka kitu kwa moyo wake wote, hata kumbukumbu yake humsaidia.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini najua utasema Ombui amezeeka, amesahau. Kwa hivyo nakueleza ninavyojua bila kubahatisha kwamba hakuna Landrover ya baba yako Londiani. Sijawahi kuiuza. Mtu wa Londiani hakuwahi kuwapo. Niliposoma barua yako ya kwanza na kuona muuzaji anasema aliinunua Londiani, jasho lilinitoka, kwa sababu duniani kote mahali pale palikuwa kwenye mdomo wangu tu. Mimi nilikuambia, wewe ukaandika, yeye akakusomea. Amekudanganya kwa uongo wangu.

Baba yako alipohamia Mulot hakuniachia gari kama mtu anavyoacha gari. Alinikabidhi kama mnavyokabidhi ng'ombe kwa rafiki wa mbali, kimanagan. Alisema mbele ya Nyabate, "Ombui, kaa naye, chunga, kunywa maziwa. Siku nikimtaka nitakuja." Tulicheka, lakini hakuwa anatania, na mimi sikuchukua kwa mzaha. Sisi Wakisii tuna desturi kama hiyo. Nilijua maana yake: maziwa ni yangu, ng'ombe ni wake.

Mwaka wa kwanza niliiendesha, nikabeba majani ya chai na wagonjwa. Halafu gari ya zahanati ikaharibika giaboksi, na kulikuwa na mama aliyetakiwa kufikishwa Kericho. Nikafungua giaboksi ya baba yako, nikasema nitarudisha mwezi ujao. Mwezi ujao Jerusa, mjane wa jirani, mashine yake ya kusaga ikafa injini, naye ana watoto watano. Nikampa injini. Viti vikaenda. Ringi za magurudumu zikaenda. Kila mara niliona ni maziwa. Kumbe nilikuwa nakula ng'ombe.

Na unajua desturi. Ng'ombe wa watu akikufia, unachuna ngozi na kuipeleka kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, useme amekufa na amekufaje. Mimi sikupeleka ngozi. Baba yako alikuwa anasalimia tu kwa watu, hakuulizia gari, nami nikanyamaza. Ulipokuja kuniuliza mwaka wa 2011, pale kando ya masufuria ya chai, mama yako ndiyo tu amefukiwa, nikaogopa. Nikasema Londiani kwa sababu lori lililopita barabarani lilikuwa limebeba viazi vya huko.

Baba yako hajachanganyikiwa kuhusu jambo hili. Akisema "iko kwa Ombui" anasema kweli. Umekuwa ukimwonea huruma kwa kusema kweli, na mwenye kosa ni mimi.

Humu ndani, kwenye gazeti, ni kibati cha chesisi. Nilikitoa kwa mkono wangu na nimekiweka kwenye sanduku la spana miaka yote hii. Soma namba. Haiishii na 88.

Nina aibu.

Ombui Nyagaka


Kipkelion,
20 Machi 2024

Mwalimu Chepkorir,

Sijapata jibu, na sidai. Nataka tu kujua kama ujumbe wa Mogaka ulikufikia kabla hujalipa. Ukitaka, andika "ndiyo" au "hapana" kwenye karatasi yoyote. Sili vizuri.

Ombui


Mulot,
7 Aprili 2024

Mzee Ombui,

Ndiyo.

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni kwa wakala. Simu ikalia, nikasoma maneno yako matatu, nikakasirika sana. Nilisema moyoni, mzee huyu hataacha. Mama aliyekuwa mbele kabisa akamaliza, nikawa wa pili. Zack naye akapiga, anauliza dada umefika wapi, mbona unachelewa, kuna mtu wa Nairobi anaitaka. Hapo ndipo nilipotoka kwenye foleni. Kama ni yeye anayeharakisha na wewe unayesema ngoja, nilijua ni nani kati yenu amewahi kula mezani kwetu.

Barua ilifika kesho yake. Nilimwandikia Zack namba ya kwenye kibati nikamwomba aniletee picha yake. Akanitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha tangazo likapotea. Wiki mbili baadaye niliona jingine, picha zile zile, rangi imebadilishwa kuwa buluu, namba ni ya gari ya familia moja ya Nandi ambayo nayo ilikuwa inaitafuta kwenye ukurasa ule ule. Niliwatafuta nikawaambia yote: usukani, saa ya mwendo, na wamuulize kuhusu ufa ambao haupo. Walikuwa wamebakiza siku moja kulipa. Mtamba wangu wa pili nilimrudishia mnunuzi pesa zake, naye amerudi zizini. Nimempa jina lako kwa sababu hasikii akiitwa.

Sasa kuhusu wewe. Nilikasirika, Mzee, na bado. Miaka kumi na mitatu umeniacha nikiitafuta gari ambayo ulijua iko wapi. Mbaya zaidi ni baba. Nilimtuliza kila asubuhi kama mtoto anayeota, na kumbe ni mimi niliyekuwa nimepotea. Sijakusamehe yote. Nimekusamehe kiasi cha kuandika.

Kibati nilikificha kabatini mwezi mzima. Juzi nilimpa. Alikigeuza, akakisugua kwa kidole gumba mpaka namba zikang'aa. Kisha akaniuliza kwa Kikipsigis, kwa sauti yake ya zamani ya kazini:

"Imekufa?"

Nikamwambia, "Ndiyo, baba."

"Ombui ameleta ngozi?"

"Ameleta."

"Amechelewa," akasema. Akanywa chai yake yote, akaweka kikombe chini. Nikadhani amesahau. Halafu akanitazama machoni, jambo ambalo hajafanya tangu Krismasi, akauliza, "Na ndama wake wako wapi?"

Unajua desturi kuliko mimi, kwa hivyo unajua ndama ni wa mwenye ng'ombe. Tangu siku hiyo bado anavaa koti asubuhi, lakini haulizi kazi tena. Anauliza tunakwenda lini kuwaona.

Mjibu wewe.

Chepkorir


Kipkelion,
12 Aprili 2024

Chepkorir, binti yangu, na baba yako, Mzee Kipkosgei,

Barua yako nimemsomea Nyabate mara mbili. Alilia, kisha akaniambia niende nikawahesabu ndama badala ya kukaa. Nimetembea siku mbili.

Giaboksi ilikufa pamoja na gari ya zahanati, siwezi kudanganya tena. Magurudumu yaliisha. Lakini viti viwili vya mbele viko zahanati, vimeshonwa ngozi mpya, ndipo kina mama wanapokaa na watoto wakingoja chanjo. Cha dereva ni kile cha karibu na dirisha, nimemwambia muuguzi akiache wazi. Ringi moja imening'inizwa kwenye mti wa shule ya msingi, ndiyo kengele, na watoto huigonga kwa nati ya gurudumu lile lile. Boneti ni mlango wa banda la kuku la Nyabate, na yeye anasema hairudishi mpaka mzee amwombe mwenyewe kwa mdomo wake.

Na injini iko hai. Iko kwa Jerusa, inasaga mahindi ya kijiji kizima, miaka ishirini na mitatu sasa. Wale watoto watano wote walisomeshwa na injini ile. Jerusa alipojua ni ng'ombe wa nani alikaa chini kwenye magunia. Amesema mzee akija atabeba unga, ndiyo maziwa ya ng'ombe wake ya miaka yote, na kama gari mliyokuja nayo haitatosha atatafuta punda.

Njooni Jumamosi ya tarehe ishirini. Avae koti na kofia. Tutampitisha zahanati kwanza akae kwenye kiti chake, halafu tuende kwa Jerusa. Siku hiyo mashine haitawashwa asubuhi, watu wa kusaga wameambiwa wangoje. Itawashwa na mwenyewe.

Mimi sitaisikia. Nitasimama mbele ya mzee nimtazame uso, na hapo nitajua kama injini imeshika.

Ombui Nyagaka